Mwanamke Aliyenigeuzia Mgongo Mtoni

Mlipolikunja gazeti Jumapili iliyopita mliniacha nimelala chali chini ya Fuso, mikono imejaa grisi, mdomo umejaa matusi ambayo mhariri hakuyachapa.

Kwa aliyechelewa, mambo yenyewe ni haya. Mwanangu Ipyana alikuwa tingo, msaidizi wa dereva, kwenye lori la Ashraf, mfanyabiashara wa Tunduma. Mwaka 2008 Ashraf alituletea jeneza nyumbani Itaka. Akasema lori limepinduka na kuungua huko Zambia, mbele ya Mpika, dereva hajulikani aliko, na Ipyana hakuwahi kutoka.

Jeneza lilikuwa limepigiliwa misumari. "Mzee wangu, msilifungue," alisema. "Kilichomo humo si cha macho ya mzazi."

Mimi nilitaka lifunguliwe. Ukoo ukakataa. Tukazika mbao.

Miaka minne baadaye Ashraf anaanzisha biashara ya kutembeza watu bondeni kwa siku moja, na lori linalobeba hao watu ni Fuso kama lile la Ipyana. Fuso limepakwa rangi mpya ya kijani, lakini mimi macho yangu hayapakwi rangi. Nikaingia chini yake. Nikakuta jembe.

Jembe la mama Ipyana, lile lililopotea msimu wa kupanda. Lilikuwa limechomelewa kushikilia springi ya nyuma. Ipyana mwenyewe ndiye aliyelichomelea, na mama yake alimnunia mwezi mzima. Halikuwa na hata alama ya moshi.

Lori lililoungua na mwanangu lilikuwa linatiririsha oili kwenye paji la uso wangu.

Hapo ndipo mliponiacha. Na hapo ndipo nilipoona viatu viwili vimesimama karibu na tairi.

"Mzee, umepoteza nini huko chini?"

"Kofia."

"Kofia si unayo kichwani?"

"Basi nimeipata," nikasema, nikatoka.

Alikuwa Idrisa, kijana wa Ashraf, mwenye helmeti ya njano na filimbi shingoni. Alinitazama, akalitazama Fuso, akanitazama tena. Hakusema kitu. Kijana wa Tunduma asiposema kitu, ujue anakihifadhi.

Dada yangu Sekela alikuwa amesimama kivulini anakula karanga. Nilimnong'oneza. Akaacha kutafuna.

"Jembe la wifi?"

"Lile lile."

"Basi gari halikuungua."

"Gari halikuungua, na mtoto wangu hakufa ajalini. Alikufa mahali pengine, kwa mkono wa mtu. Na mtu huyo leo anatupa soda za bure."

Maana safari yenyewe ilikuwa ya bure. Wazee wa Itaka na Igamba tulikuwa tumealikwa tukatembezwe, tukirudi tukaisifie kwa vijana wetu wenye pesa za kahawa. Mwaliko haukuwa wangu, ulikuwa wa Mzee Zabron, mzee wa kanisa. Zabron aliumwa tumbo, nami nikamwambia aendelee kuumwa.

Mimi namjua mfanyabiashara anayetoa cha bure. Soko la kahawa lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja Mbozi na fulana za bure, kofia za bure, na pilau. Tulikula pilau. Msimu uliofuata walikuwa wanainunua kahawa ingali maua, na ushirika wetu ukabaki jengo la kukaushia nguo. Nilisimama mkutanoni nikasema, nikaitwa mchochezi. Pilau ile bado naisikia kooni.

Lori lilipita Ndalambo, likateremka kwa gia ndogo mpaka kwenye korongo linalomwaga maji yake mto Momba. Mwisho wa barabara palikuwa na bango: PANGO, WAYA NA MIKOKO. RAHA TATU, SIKU MOJA.

"Mikoko ndiyo nini?" Sekela akauliza.

"Miti ya pwani, ya maji ya chumvi."

"Hapa ipo?"

"Hapa kuna matete."

"Sasa mbona kaandika mikoko?"

"Ashraf katoka Tanga. Katoka na miti yake."

Sikucheka. Mtu anayeweza kuudanganya umma kuhusu mti uliosimama mbele yao anaweza kudanganya kuhusu maiti iliyo ndani ya sanduku.

Pango lilikuwa la kwanza. Idrisa alitugawia tochi, akapanda juu ya jiwe, akaanza kuhubiri.

"Humu, wazee wangu, Wajerumani walificha dhahabu."

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Historia inasema."

"Historia ya nani? Humu watu walijificha wakati wa kodi ya kichwa. Baba yangu alilala humu na mbuzi wawili. Mtu mwenye dhahabu anakimbia kodi ya kichwa?"

Wazee wakacheka. Idrisa naye akacheka, kijana mwepesi. "Basi mzee, tuseme walificha kodi."

Tuliingia. Popo walikuwa wamejaa darini kama nguo zilizoanikwa, na harufu yao ilitutoa machozi. Wenzangu walimulika juu. Mimi nilimulika pembeni, kwa sababu vitu vya watu huwekwa pembeni.

Pembeni palikuwa pamezibwa kwa turubai.

"Huko kuna nini?"

"Popo wanazaa, mzee. Hawataki usumbufu."

"Turubai wamefunga wenyewe?"

Kabla hajajibu nilikuwa nimelifunua. Kitanda cha kamba. Shuka limekunjwa pembe kwa pembe. Jiko la mkaa, sufuria, vikombe viwili vimefunikwa kwa kitambaa.

"Ni mlinzi," Idrisa akasema haraka.

"Mlinzi mmoja, vikombe viwili?"

"Anapata wageni."

"Wageni wa kike au wa kiume?"

"Mzee, wewe ulipaswa kuwa askari."

Alilishusha turubai kwa mikono yote miwili. Mimi nikaona picha yote, au nilidhani naiona. Zambia haiko mbali. Kuna pango, kuna mtu analala humo, kuna lori linaloingia na kutoka bila kuulizwa kwa sababu limebeba wazee wa kanisa. Nikajua magendo yanapita hapa. Nikajua mwanangu aliyaona, na ndiyo maana akafungiwa ndani ya sanduku. Nilitoka pangoni nikiwa na kesi imekamilika.

Ashraf alikuwa anatusubiri mtoni. Alivaa jaketi la kuelea juu ya shati jeupe lililopigwa pasi, na alikuwa ameshapakia wazee wa Igamba kwenye mtumbwi wa kwanza. Alikuwa akimpa kila mzee mkono. Alipofika kwangu mkono ulisita.

Tabasamu lilibaki pale pale. Macho ndiyo yaliyoondoka.

"Mzee Anyosisye wa Itaka," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Baba wa marehemu Ipyana. Shikamoo, mzee wangu. Sikujua kama unakuja."

"Zabron anaumwa. Nimekalia nafasi yake."

"Karibu sana. Sana."

Nyuma yake palisikika kitu kikianguka. Lilikuwa kasia.

Aliyeliangusha ni mwanamke wa umri wa binti wa mwisho wa Sekela. Alikuwa na buti za mpira, suruali, jaketi la kuelea, na kitenge amekifunga kiunoni. Yeye ndiye mpiga kasia wa mtumbwi wa pili, mtumbwi wetu. Nilimtazama. Naye akafungua kile kitenge kiunoni, akajifunika kichwa, akaacha njia, akaingia kwenye matete na kuchuchumaa huko. Mgongo wake ulituelekea.

"Nesta," Ashraf akaita. "Nesta, vipi? Wageni wamesimama."

"Naumwa, bosi."

"Umeanza kuumwa sasa hivi?"

"Ndiyo, mukwai."

Kwa lile neno la heshima la Kibemba nikajua ni mtu wa ng'ambo ya mpaka au ameishi huko. Mpika ni ng'ambo.

"Mtumbwi mwingine umeshaondoka," Ashraf akasema. "Nani atawapeleka hawa?"

Kisha yule mwanamke akasimama. Hakupita mbele yangu, alizunguka matete yote, akatokea upande wa maji. Akashika kamba ya mtumbwi, akaingia mtoni mpaka kiunoni.

"Nitawavuta," akasema.

"Humo kuna mamba," Ashraf akasema.

"Nawajua."

Tukapanda, mimi na Sekela na wazee wawili wa kanisa, na mwanamke akatuvuta kama ng'ombe anavyovuta mkokoteni. Maji yalikuwa ya kahawia, matete yametuzidi urefu pande zote mbili. Mzee mmoja aliuliza mikoko iko wapi. Nilimwonyesha matete.

Hakugeuka hata mara moja. Njia ilipokata kona na uso wake ukakaribia kuonekana, alivuta kitenge upande ule.

"Unamwona?" nikamwambia Sekela. "Mtu anayemwogopa mzee kuliko mamba ana jambo."

"Namwona."

"Alikuwepo siku ile. Anajua walivyomfanya."

"Punguza sauti, kaka."

Mimi sauti sijawahi kuipunguza kwa mtu mwenye kosa. Nikaita, "Binti. Unamjua Ipyana?"

Kamba ikasimama. Mtumbwi ukateleza wenyewe mpaka ukamgusa mgongoni, naye hakusogea. Kisha akavuta tena.

"Nimekuuliza."

Sekela akanifinya paja kwa kucha. "Anyosisye. Nyamaza."

Dada yangu hajaniita jina tangu tulipokuwa tunachunga. Nikanyamaza.

Tulifika kwenye kisiwa kidogo cha mchanga ambapo wageni hupewa soda na mihogo ya kukaanga. Nesta alifunga mtumbwi, akaenda kukaa nyuma ya kichuguu, mahali ambapo hata nikirefusha shingo simwoni. Ashraf alitufuata na kimtumbwi chake, akasimama mbali kidogo na redio ya mkononi, anatutazama.

Sekela alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Unacheka nini?"

"Nakucheka wewe. Umesoma magazeti mpaka umesahau kusoma watu. Kaka, yule binti hakuogopi."

"Haniogopi na ameingia kwa mamba?"

"Anakuheshimu. Fikiri. Kasikia jina lako, kafanya nini? Kajifunika. Kaacha njia. Kachuchumaa, kakugeuzia mgongo. Kukaa nawe mtumbwi mmoja kakataa. Nani anafanya hivyo kwetu?"

Kwa ninyi mnaosoma mkiwa Dar au Moshi, niwaeleze kidogo. Sisi Wandali, na majirani zetu wengi wa milima hii, mke wa mwanao hakutazami. Anakukwepa. Mkikutana njiani anaingia porini mpaka upite. Hakai kwenye kiti ulichokalia, hali nawe, na usoni mwako haji mpaka wakubwa wamalize mambo yao. Siku hizi wasichana wa Tunduma wanawapa wakwe zao mkono na kuomba lifti ya pikipiki, lakini aliyelelewa na bibi yake hawezi. Miguu inamtoa njiani yenyewe.

Mimi nililijua hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini nilimzika mwanangu bila mke. Mkwe nisiye naye ningemtambuaje?

"Ipyana hakuoa," nikasema.

"Hakuoa wewe ukijua."

"Basi ni mjane wake."

Hapo Sekela akaacha kucheka. Akanisogelea mpaka nikasikia karanga kwenye pumzi yake.

"Mjane, kaka? Mjane akikutana na baba wa marehemu kwa mara ya kwanza, anafanya nini?"

Nilijua anachofanya. Anajitupa chini. Anapiga yowe, anamwita marehemu kwa jina, na wewe mzee unasimama unalia naye, hata kama ni sokoni, hata kama imepita miaka kumi. Adabu ya kukwepana inasubiri mpaka kilio kiishe.

"Kalia huyu?" Sekela akauliza.

"Hajalia."

"Kajificha tu."

"Kajificha tu."

"Mjane angelia. Huyu ni mke wa mtu aliye hai."

Sekela akanishika kiwiko, anatabasamu kana kwamba ananionyesha ndege.

"Usianguke. Ashraf anatutazama. Kula muhogo."

Nikala muhogo. Sijui ulikuwa na ladha gani. Msichana wa watu alikuwa ameambiwa, bila shaka, afiche kila kitu. Angenipa mkono tu, angeniambia karibu mzee kaa hapa, nisingejua maisha yangu yote. Adabu ya bibi yake ilimchongea.

Nilitaka kwenda nyuma ya kile kichuguu nikamuulize. Sekela akasema ukienda atajitupa mtoni, niache mimi, mimi ni shangazi, shangazi anaongea na mke. Akaenda kama anayetafuta pa kujisaidia. Ashraf akageuza uso, kwa adabu yake ya pwani.

Alirudi haraka kuliko nilivyotaka.

"Kasema nini?"

"Nimemwambia mimi ni shangazi yake Ipyana. Kaniamkia kwa kupiga magoti. Nimemuuliza mume wake yuko wapi, kakataa kusema, ameapishwa. Kasema neno moja tu."

"Neno gani?"

"'Shangazi, naomba baba asipande waya.'"

Alisema baba. Hakusema mzee.

Raha iliyobaki ya bango ndiyo hiyo, waya. Umevutwa kutoka kilima kimoja kwenda kingine juu ya korongo. Unafungwa mikanda, unaning'inizwa kwenye roda, unaachiwa. Wazee tulikuwa tumeambiwa tutatazama tu vijana wa Ashraf wakivuka, kisha tupige makofi, kisha turudi.

"Waya umelegezwa," nikasema. "Wananisubiri."

"Hakuna aliyejua unakuja, kaka. Na mkwe anayekukinga na kifo angesema waya ni mbovu. Huyu kasema usipande. Basi."

Tukatazamana.

"Ng'ambo ya korongo kuna mtu," nikasema.

"Ng'ambo kuna mtu."

Bahati ilituangukia mara moja tu siku ile. Mtumbwi wa wazee wa Igamba ulinasa kwenye matete wakati wa kurudi, na Mzee Tuntufye, ambaye hajui kuogelea wala kunyamaza, akaanza kuita jina la Ashraf bonde zima. Ashraf akaenda. Nesta akatuvuta mpaka ukingoni, nasi tukapanda kilimani kwenye waya.

Idrisa alikuwa pale anapanga mikanda. Nilitazama ng'ambo. Waya uliishia kwenye mti mkubwa mwenye shina nene, chini yake jukwaa la mbao. Juu ya jukwaa alisimama mtu mmoja. Helmeti, glavu, na kitambaa kimefunika uso mpaka puani.

"Yule nani?"

"Mpokeaji. Akikosekana yeye, unagonga mti."

"Jina lake?"

"Tunamwita hivyo hivyo, Mpokeaji. Mimi mgeni hapa, mzee. Yule hali na sisi, na analala kule pangoni."

"Na vikombe vyake viwili."

Idrisa akacheka chini chini. Kumbe alijua kikombe cha pili ni cha nani.

"Nifunge," nikasema.

"Bosi kasema wazee wanatazama."

"Wanaopanda ni akina nani?" Sekela akaingilia.

"Vijana na Wazungu, mama."

"Basi leo huyu ni Mzungu. Mfunge vizuri, kaka mwenyewe ninaye mmoja tu. Na ukimaliza unifunge na mimi, sijaja hapa kula mihogo."

Idrisa akajikuna kidevuni. Alikuwa kijana mwepesi, nimeshasema. Mikanda ikapita mapajani, ikapita kifuani, chuma kikalia kwenye roda. Wazee wawili wa kanisa walivua kofia zao.

Ndipo Ashraf alipotokea, amelowa jasho, buti zimejaa tope.

"Idrisa. Mfungue huyo."

"Bosi, kaomba mwenyewe."

"Nimesema mfungue. Mzee wangu, una presha, wewe ni mtu mzima, nitamwambia nini mama Ipyana?"

"Mwambie kama ulivyomwambia mara ya kwanza," nikasema, nikainua miguu.

Sikumbuki korongo. Wenzangu waliniuliza kama niliona maji chini, kama niliona nyani. Mimi nilimwona mtu mmoja tu.

Nilimwona anainua redio sikioni. Nilijua Ashraf anamwambia nini. Akaitupa ile redio kwenye mbao, akanitazama ninavyokuja, akageuka, akaruka kutoka jukwaani na kuanza kupanda mteremko kuingia msituni.

Mbele yangu ukabaki mti peke yake.

Waya ulikuwa unapiga kelele kama mashine ya kusaga. Nilitaka kuita jina, upepo ukanijaa mdomoni. Shina la ule mti lilizidi kunenepa. Niliona magome yake. Niliona sisimizi, naapa, niliona sisimizi.

Yule mtu alisimama mteremkoni. Akageuka. Sijui alipima nini kichwani, lakini alirudi. Alishuka kwa mbio za kuvunja shingo, akaruka jukwaani, akadaka kamba ya breki kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono mwingine, tukaanguka wote kwenye mbao, kichwa changu kwenye kifua chake.

Kitambaa kilikuwa kimeshuka.

Alikuwa amekonda. Alikuwa na ndevu. Alikuwa na kovu jipya kwenye nyusi. Lakini lile sikio, sikio la babu yake lililokunjamana juu, nililishika kwa vidole viwili nikalivuta kama nilivyolivuta akiwa shule.

"Tata," akasema. Kwetu tata ni baba.

Nilimpiga kofi, halafu nikamkumbatia, halafu nikataka kumpiga tena, akanishika mkono.

"Tata, polepole. Ashraf anatazama."

Redio ikalia kwenye mbao. Sauti ya Ashraf: "Mpokeaji. Mzee kafika?"

Ipyana akaiokota. Akajibu kwa Kiswahili cha pwani, laini, kirefu, kana kwamba kazaliwa Tanga na mama yake anauza mikate ya ufuta. "Kafika salama, bosi. Yu mzima."

"Kakujua?"

Mwanangu akanitazama machoni.

"Hajanijua, bosi. Kaanguka kifudifudi, kapigwa kizunguzungu."

Akaiweka redio chini. Uongo ule ulitoka kinywani mwake bila kukwama popote. Nimewasikiliza makarani wa ushirika, nimewasikiliza wanunuzi wa kahawa wakisema mizani ni mpya, na hakuna aliyewahi kusema uongo mzuri kiasi kile mbele yangu. Miaka minne nilikuwa na shaka na mtu mmoja tu, yule aliyesimama ng'ambo na shati jeupe. Sasa shaka ilivuka korongo, ikaja kukaa nami pale jukwaani.

Nilijitoa mikononi mwake. Nikakaa mwenyewe.

"Mama yako anang'oa majani kwenye kaburi lako kila Jumamosi," nikasema.

"Najua."

"Unajua? Nani kakwambia?"

Akaanza kufungua mikanda yangu, kifungo kimoja kimoja.

"Ipyana. Sisi tulimzika mtu. Mimi nililibeba lile jeneza begani, lilikuwa na uzito wa mtu. Ndani mlikuwa na nani?"

"Tata, tutaongea."

"Tunaongea. Ashraf alisema hakuna wa kulifungua. Nani alilifunga?"

Alimaliza kifungo cha mwisho. Akakaa juu ya visigino vyake mbele yangu, karibu kabisa, macho kwenye mbao.

"Misumari niliipigilia mimi."

"Sikuulizi misumari. Ndani kulikuwa na mtu?"

"Ndiyo, tata."

"Sasa nakuuliza, mtu uliyempigilia humo alikuwa ameshakufa?"

Juu ya vichwa vyetu waya ukaanza kulia. Ng'ambo Sekela alikuwa ameachiwa, anakuja, vitenge vinapepea, anapiga vigelegele bonde zima lisikie.

Ipyana akainua uso, lakini hakunitazama mimi, aliutazama waya. Akavuta glavu zake, moja, kisha nyingine.

"Sogea, tata," akasema. "Nimpokee shangazi."